Mwalimu Benedikta, Mwalimu Kombo na Ngozi ya Kitunguu

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Baiolojia, Mwalimu Benedikta Rafaeli anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Alizaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge, akaja shuleni kwetu Ngamiani akiwa mwalimu mpya, na hakuhama tena.

Wengi tunakikumbuka kisa cha Tausi. Binti huyu wa kidato cha kwanza aliuliza kama seli za mwili ndizo zile selo za polisi. Darasa zima likaangua kicheko, naye akainamia dawati. Mwalimu Benedikta hakucheka. “Tausi, umeuliza la maana,” alisema. Akaeleza kuwa maneno hayo ni ndugu, yametoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo. Mtaalamu mmoja wa zamani alitazama kwa hadubini kipande cha kizibo cha gome la mti, akaona vijumba vimepangana, akaviita hivyo.

Habari ikafika ofisi ya walimu. Mwalimu Kombo wa Kiswahili, mzaliwa wa Tongoni, akadakia: “Bi Benedikta, ndiyo maana nasema tuite chembehai. Watoto watadhani wamefungwa!” Mabishano yalianza kwa mzaha, yakaishia kununiana. Walipitana mlangoni kimya muhula mzima, na chai ya saa nne ikatuingia kwa shida.

Benedikta ndiye aliyejishusha. Alimwalika Kombo maabara, akamwekea ngozi nyembamba ya kitunguu kwenye hadubini. Kombo akainama, akakawia.

“Lahaula! Vyumba kweli. Lakini mbona vina wenyewe ndani, kila kimoja na kitone chake?”

Benedikta akacheka, akakubali. Kizibo kilikuwa kimekufa, kwa hiyo mtaalamu yule aliona kuta tupu. Seli ni jina la kilichoonekana kwanza. Chembehai inautaja uhai uliojulikana baadaye. Tangu hapo wanafunzi wetu hufundishwa majina yote mawili. Tausi, ambaye hakuacha tena kuuliza, leo ni mkunga Pangani.

Mwalimu anahamia Mwera, ambako mumewe, Mzee Yona, ameshapanda michungwa. Juma lililopita kengele ililia, kidato cha pili wakagoma kutoka maabara. Alikuwa ameshavua koti lake jeupe. Akalivaa tena, akawaongezea kipindi.

Ahsante, Mwalimu, kwa subira na ucheshi wako. Tunakuombea afya, majirani wema na usingizi wa asubuhi usiokatizwa na mtu.