Wageni Waliokuja na Sufuria Yao

Mwaka 2016, nikiwa na miaka hamsini na nne, moto ulipanda kilima cha nyuma ya kijiji cha Lweba ukala shamba langu mchana kweupe, mimi natazama. Nianzie hapo. Kabla ya hapo sina cha kushuhudia: nilikuwa mjane mwenye nguvu, nilikula jasho langu, na sikumuomba mtu hata chumvi.

Poleni na safari, ndugu zangu. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nitasema jinsi ninavyosema nyumbani. Mwenye kiu, maji iko pale kwenye kidumu.

Aliyewasha moto simtaji. Alikuwa anafukuza panya wa porini, kama wengi wanavyofanya kiangazi, upepo ukamshinda. Michikichi yangu ilibaki nguzo nyeusi. Nikasema sawa, majani yataota. Kumbe moto ulikuwa mwanzo tu. Masika ilipofika, kilima hakikuwa na jani la kushika udongo. Udongo mweusi, ule wenye mafuta, ukashuka wote ziwani, mimi nikabaki na mawe. Nikapanda muhogo, ukatoka mwembamba kama vidole vya mtoto. Nikapanda tena, mvua ikabeba hata vijiti.

Sasa wa huku mnajua likilimba. Leo tunalima kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba ndiye anapikia watu: bugali, samaki, sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta ya mawese. Usipopika, watalima, lakini watakusema mpaka Nundu. Mimi nililima kwa wenzangu, na zamu yangu ilipokaribia nikawaambia waniruke, naumwa. Nilikuwa mzima. Sufuria ndiyo ilikuwa tupu. Ndugu zangu, nawaambia, njaa niliizoea. Kuulizwa "kwako tutakuja lini?" sikukuzoea. Mwishoni nikaacha kwenda kabisa.

Ndipo akaja mtu wa kuchoma matofali. Alitaka udongo wa chini, ule mwekundu. Aliongea vizuri, kwa heshima.

"Mama, hapa muhogo hautatoka tena. We iko unalima majiwe. Uniachie, mi nitakutafutia nafasi ya kuishi mjini Baraka."

Mtu wa matofali akishachimba anaacha mashimo, na hakuna anayelima shimo. Nilijua hivyo. Hata hivyo nikamwambia arudi Jumatatu na mashahidi, tumalize.

Jumamosi yake nikaona wanawake watatu wanapanda njia. Wa Nundu, niliyelima naye likilimba tangu tungali wasichana. Wa Baraka, Mwislamu, aliyekuwa ananunua mawese yangu. Ndiye alisikia sokoni habari ya matofali. Na wa kambi ya Lusenda, mkimbizi wa Burundi, ambaye nilimpa kipande cha kulima wakati shamba langu lilikuwa bado shamba. Wote na majembe begani, na wa Nundu sufuria kichwani. Majina sisemi. Wamekaa hapo mbele, wanajijua.

Nilikimbilia ndani. Ndiyo, mimi huyu. Wa Nundu akasimama mlangoni, hodi hakupiga.

"Yaya, dada yangu, toka. Tumekuja kulima."

"Sina cha kuwapikia."

"Nani amekuomba? Sufuria iko yetu, samaki ya ndagala iko yetu. We leta moto tu."

"Likilimba haiko hivyo."

"Basi hii haiko likilimba. Utaitafutia jina, sisi tunaanza."

Wa Baraka akaongeza kwamba nisipotoka watalima na nyumba.

Nilitoka kwa hasira, si kwa shukrani. Niliona wa Nundu anapiga jembe ovyo kwenye ardhi yangu. Wa Lusenda yeye alikuwa ameshika kijiti, anatembea kilima kwa ubavu, anachora. Akasema kwao mteremko kama huu haulimwi bila mitaro ya kuukata, na ukingoni mwa kila mtaro majani ya mabingobingo ya kushika udongo. Tukachimba. Waliopita njiani walitucheka: bamama gani hawa wanachimba kiangazi, ardhi ikiwa ngumu kama bati?

Jumatatu mtu wa matofali akafika na mashahidi wake, akatukuta sote wanne ndani ya mitaro.

"Mama, hii mitaro iko ya nini? Si tulipatana?"

Wenzangu wakanyamaza. Wale, ambao hata msibani hawanyamazi! Wakaniachia nijibu mwenyewe. Nikatazama kilima. Hakikuwa na jani bichi hata moja, hakikuniahidi kitu.

"Shamba ningali nalilima," nikasema.

"Utavuna nini?"

"Sijui. Lakini ningali nalilima."

Akasema nina kichwa kigumu. Hakukosea. Akaondoka na mashahidi wake.

Masika ile maji yalisimama mitaroni, udongo ukabaki. Mavuno ya kwanza yalikuwa maharagi kidogo na majani ya mbuzi. Muhogo ulifuata taratibu, kwa samadi na majani yaliyooza. Na kila kiangazi wale watatu walirudi, wakaleta wengine, mpaka nyinyi mliojaa hapa leo. Mwaka mmoja barabara ilifungwa kwa vita, akafika wa Baraka peke yake. Tulilima wawili. Sheria yetu mnaijua: kila mtu anakuja na cha kutia kwenye sufuria na mche wa kupanda, na kwenye kilima hiki hakuna anayewasha moto wa shamba.

Wenzangu watatu, asanteni kwa chakula. Asanteni zaidi kwa kunyamaza Jumatatu ile. Kama mngenijibia, shamba lingekuwa lenu. Na wewe, popote ulipo, unayejificha ndani sasa hivi sababu huna cha kupikia watu, fungua. Watu wengine wanakuja na chakula chao.

Nilicho nacho leo: nyumba ya bati. Mbuzi sita. Mizinga miwili ya nyuki. Miti ya avoka inayozaa. Michikichi michanga, imeanza kutoa. Muhogo wa kula na wa kuuza. Na kilima chote, kutoka njiani mpaka kule juu, udongo wake ukiwa bado juu yake.