Friji Ilirudi, Mama Rebeka Akabaki

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mfamasia Scolastika Masalu anastaafu. Humu ndani hakuna anayemwita hivyo. Ni Mama Rebeka, na dirisha la dawa la hospitali yetu bila yeye bado hatujui litakuwaje.

Alianzia zahanati ya Rwamgasa. Wachimbaji wa dhahabu walitoka mashimoni na vumbi hadi kwenye kope, wakidai sindano, maana kidonge kwao kilikuwa kama peremende. Alicheka nao, akawapa vidonge hivyohivyo, nao wakapona huku wamenuna. Baadaye alikwenda chuo, akapangiwa hapa Shinyanga, akajenga nyumba mtaa wa Kambarage na kulea watoto wake.

Tuseme ukweli, ana ukali wake. Kalamu za bure za kampuni za dawa hazigusi kabisa, ila kalamu zetu tulizonunua wenyewe huishia mfukoni mwa koti lake, na kuzirudisha ni shughuli.

Lakini kuna jambo moja ambalo lazima lisemwe leo. Davis, afisa mauzo wa kampuni moja ya dawa, mtu mcheshi tuliyempenda wote, aliwapeleka madaktari wetu semina Mwanza. Waliporudi, vyeti vya wagonjwa wa presha vikaanza kuandikwa jina la kidonge cha kampuni yake, cha rangi ya waridi, ghali mno kuliko kile cheupe kinachofanya kazi ileile. Kisha ikaletwa friji mpya ya kuhifadhia dawa, zawadi. Tuliihitaji kwelikweli, maana ya kwetu ilikuwa imekufa. Hakuna aliyetaja masharti. Ila wiki hiyo Kamati ya Dawa ilikuwa inakutana kuamua kama kidonge hicho kiwe ndicho dawa ya presha ya hospitali.

Siku zilezile akaletwa Mzee Jilala, mkulima wa tumbaku kutoka Ushetu, mdomo umepinda na mkono haunyanyuki. Presha ilimpanda, na dawa aliyoandikiwa, kidonge kile cha waridi, alikuwa ameinunua. Mama Rebeka alikuja wodini, akamwamkia kwa Kisukuma, akamuuliza habari za mji, za ng'ombe, za mvua, mpaka mimi muuguzi niliyekuwa zamu nikaanza kuchoka. Ndipo mzee akaeleza, tena kwa fahari, kwamba mdogo wake Makoye naye ana presha. Bima hawana, na kwa bei ile walimudu dawa ya mtu mmoja tu, basi walikuwa wanagawana. Angewezaje kumeza peke yake na ndugu yake anaumwa ugonjwa uleule?

Mama Rebeka hakumlaumu. Alitoka nje, akalia. Kisha akamwomba Dokta Zamoyoni, mwenyekiti wa kamati, aje amsikie mzee kwa masikio yake. Dokta alisikiliza, akavua miwani, akakaa ukingoni mwa kitanda.

Kamati ikaamua dawa iandikwe kwa jina lake halisi, si la kampuni, na mgonjwa apewe ya bei nafuu. Davis akaja na gari kuchukua friji yake. Tulikaa bila friji msimu mzima wa mvua, na wapo waliomsema Mama Rebeka waziwazi kwamba ametuponza. Yeye alikuwa akija asubuhi na ndoo ya barafu kutoka nyumbani kwake ili insulini isiharibike, na hakumjibu mtu. Tulimwonea huruma, na tulijivunia kuwa naye.

Hata kwa sherehe hii kampuni nyingine ilijitolea kulipia kila kitu, hadi keki. Alikataa. Kwa hiyo pilau ya leo ni michango yetu wenyewe, na ukiona nyama imepungua sahani mwako, malalamiko yapeleke kwake.

Mama Rebeka, asante sana. Umetugombeza, umetufundisha, na tunakupenda. Nenda ukapumzike, Mungu akupe afya njema na wajukuu wakusumbue mpaka uchoke. Ila kabla hujakata keki, tazama meza ya mbele. Yule ni Mzee Jilala, na aliyekaa pembeni yake ni Makoye. Mwaka huu wamelima wote wawili.

Mwahija Abdul
Muuguzi, Wodi ya Wanaume