Dk. Elinami Thomasi: Mwalimu Aliyeiacha Safu Tupu

Dada yetu mpendwa Elinami alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Machame, Kilimanjaro, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Thomasi Nkya. Mimi ninayesoma wasifu huu ni Fanuel, niliyemfuata ziwa. Mchungaji ameniomba nisome taratibu na nisitanie. Nitajitahidi.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Machame, kisha sekondari ya wasichana Ashira, akamaliza kidato cha sita mwaka 1972. Alikuwa mtoto wa maswali. Mama akimtuma dukani, alirudi akiuliza kwa nini duka hili limepata sabuni na la jirani halikupata, wakati lori lililoleta ni moja. "Elinami," mama alikuwa akisema, "nimekutuma sabuni, sikukutuma maswali." Baadaye watu walimlipa mshahara kwa maswali yale yale.

Mwaka 1975 aliajiriwa hapa Arusha na kampuni ya umma ya biashara, kitengo cha ununuzi. Wakubwa mnaikumbuka miaka ile ya foleni. Halafu milango ya biashara ikafunguliwa, malori yakaanza kushuka kutoka mpakani Namanga, na maduka ya umma yakafungwa moja baada ya jingine. Mwaka 1988 naye akapunguzwa kazini. Wenzake walinunua mashine za kusaga, yeye akarudi shule, mama mzima! Tulimcheka sana, jamani. Mwaka 1993 alirudi kutoka Dar es Salaam na shahada ya uzamili, akaanza kufundisha ugavi katika chuo kimoja hapa mjini.

Alifunga ndoa na shemeji yetu Hans tarehe 9 Julai 1977. Waliishi kwanza Lemara, kisha wakajenga hapa Moshono. Hans aliendesha magari ya watalii na alizoea kurudi nyumbani akiwa amechoka, akute mke ametandaza makaratasi hadi juu ya kitanda. Hakuwahi kulalamika. Au tuseme hakulalamika mbele yetu.

Sasa niseme juu ya utafiti wake, kwa sababu ndio ulioyabeba maisha yake. Mwaka 1994 alianza kusomea udaktari wa falsafa. Alitaka kujua nini kinamfanya mnunuzi mkubwa amwamini mgavi mdogo. Alichagua hoteli moja upande wa Kijenge na akina mama wa Kiarusha waliokuwa wakiiuzia maziwa, wanaotoka magharibi ya Mlima Meru. Hoteli ilikuwa imepata meneja mpya, na meneja huyo alitaka kila mama aseme ana ng'ombe wangapi, ndipo apewe mkataba. Akina mama wote walijibu, "Wapo tu." Meneja akaona anafanyiwa ujanja. Akatangaza kwamba mwaka ukiisha ataagiza maziwa ya pakiti kutoka nje.

Dada naye alikwenda kwao na karatasi zake za maswali. La kwanza kabisa, ng'ombe wangapi! Kiongozi wa akina mama alikuwa yeyo Nkasiogi, yeyo ni mama kwa lugha yao, ambaye tunashukuru yuko nasi hapa leo. Dada alitusimulia mara nyingi jinsi ilivyokuwa.

"Shikamoo, yeyo. Una ng'ombe wangapi?"

"Marahaba, mwalimu. Wapo tu. Na wewe, una watoto wangapi?"

Dada akataja idadi, haraka haraka, kama karani wa sensa. Yeyo akashika mdomo. "Usiseme hivyo! Unawahesabu watoto kwa mdomo, huogopi?"

Ndipo dada akaelewa. Kwao mali yenye uhai na watoto havitajwi kwa idadi, maana ukitaja unaviitia mabaya. Hakuna aliyekuwa anamficha meneja kitu. Meneja alikuwa anawaomba wajilaani.

Tangu siku hiyo aliacha kuuliza. Alfajiri alisimama kwenye mlango wa jiko la hoteli akitazama maziwa yanavyopokelewa, kiangazi chote. Aliona kwamba mama mmoja akipungukiwa, jirani yake anamjazia kabla debe halijatoka kijijini, na hoteli haikupata kujua. Alimwonyesha meneja. Meneja, nasema haki yake, alikuwa mtu wa kusikia. Alifuta swali la ng'ombe, akaweka jingine: ukipungukiwa, nani atakujazia? Hilo akina mama walilijibu bila kusita, kwa majina, na mikataba ikatoka.

Chuo kikuu hakikuwa chepesi hivyo. Katika jedwali lake safu ya idadi ya ng'ombe ilikuwa tupu, juu hadi chini, na jopo la watahini likasema bila safu ile kazi haipiti. Hans alimshauri, "Mama Evelyn, andika kumi kumi kote. Nani atapanda huko kwenda kuhesabu?" Shemeji, usiiname, ulisema. Dada akamjibu, "Mimi nilipanda." Alirudishwa, akaandika upya sura nzima kueleza kwa nini safu ile itabaki tupu, akarudishwa tena. Alilia, nilimwona. Shahada aliyoitegemea mwaka 1996 aliipata mwaka 1998, na safu ikiwa tupu vile vile. Nilijivunia dada yangu siku ile kuliko siku yoyote.

Mwaka jana alianza kusumbuliwa na tumbo. Alitibiwa Moshi, ikagundulika ni saratani ya kongosho, naye akaomba arudishwe nyumbani. Evelyn, binti yake mkubwa, alimuuguza kwa upendo ambao Mungu ameuona.

Wiki mbili zilizopita yeyo Nkasiogi alikuja na maziwa. Alikaa kitandani, akainama, akamnong'oneza dada sikioni kwa muda. Dada, aliyekuwa hajacheka siku nyingi, alicheka hadi machozi yakamtoka, akamshika yeyo mkono asiuachie. Yeyo alipoondoka tulimzunguka dada kumuuliza ameambiwa nini.

"Ameniambia ng'ombe wake," akasema.

"Wangapi?"

Akatutazama mmoja mmoja. "Wapo tu."

Alifariki hapa nyumbani Ijumaa, tarehe 11 Juni 2004, asubuhi. Namba ile ameondoka nayo.

Ameacha mume, Hans, na mdogo wake mimi. Kamati ya mazishi ilitaka tuandike hapa ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Tulikaa kama familia, tukakubaliana. Watoto wapo. Wajukuu wapo tu.

Mungu, ambaye peke yake anajua hesabu yetu sote, ampumzishe dada Elinami kwa amani. Amina.