Tezi za Binti wa Fundi

Benchi la kahawa liko mbele ya duka la Fundi Cherehani, na asubuhi ile hakuna aliyetaja mpira. Binti wa Fundi alikuwa chumba cha nyuma, homa siku ya tatu. Daktari alishasema ni kirusi, apumzike, anywe maji kwa wingi. Lakini alfajiri, mama mtu alipokwenda zamu, Fundi alimgusa mtoto shingo akiwa usingizini, akakuta tezi zimevimba kama njugu. Akatoka mbio. Tangu hapo ameshika mkasi tu, hakati kitu.

— Huo ni upepo, alisema Matairi, mziba pancha wa jirani. Umeingilia sikioni, umekwama.

— Upepo wapi! akadakia Dereva Mstaafu. Kirusi kimejenga nyumba hapo. Wiki ijayo kinahamia kichwani.

— Basi mfunge kitambaa cha moto, alisema Matairi, ukaze barabara, tezi zirudi ndani.

Fundi akaanza kutafuta kitambaa. Dada wa Maabara, aliyepitia kikombe kimoja kabla ya kazi, akaruka.

— Kaka, usimkaze mtoto shingo! Mwilini kuna seli za doria, zinaitwa dendriti. Kirusi kikiingia seli nyingine, kinaigeuza kiwanda chake. Hizi za doria ni bishi: zinakibana kisiongezeke, zinakikatakata, zinabeba kipande chake mpaka kwenye tezi.

— Kama mimi ninavyozunguka madukani na kipande cha kitambaa, natafuta uzi wa rangi ile ile, alisema Fundi polepole.

— Hapohapo! Ndani ya tezi zimejaa seli T, kila moja inajua sura ya adui mmoja tu. Inayokitambua kile kipande inaamka, inajizidisha, inakwenda vitani. Ndiyo maana tezi zinavimba.

— Kambi ya askari! Si nilisema mimi? Matairi akajigamba.

— Ulisema upepo!

— Upepo wa askari.

Wakacheka, na Fundi akavuta pumzi ya kwanza ya maana siku ile. Mteja mmoja, mama aliyefuata gauni lake, alikuwa amesimama akisikiliza.

— Poleni jamani. Na mtoto mwenyewe kaamkaje?

Kahawa mzunguko wa tatu, na hakuna aliyekwenda kumwangalia. Fundi aliona aibu. Woga ndio uliomweka nje. Akainuka, akasukuma mlango wa nyuma.

Binti alikuwa ameketi kitandani, kanuna.

— Baba, mna kelele nyie! Na chai yangu iko wapi?

Siku mbili hakuwa ameomba kitu. Fundi akalia palepale mlangoni, bila kujificha, kisha akakimbilia jikoni.