Aliyejibu kwa Jina la Sindano

Alasiri ilikuwa imepoa kwenye benchi la nje kwa kinyozi. Mvuke wa kahawa ulipanda polepole ukapotelea kwenye mwanga, na Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili, aliutazama kama mtu aliyeamka nusu. Kwa siku kadhaa simu yake ilikuwa kimya, akadhani imechoka tu. Leo kwenye duka la laini za simu ameambiwa laini yake iko hai, ila mkononi mwa mtu mwingine.

Aliwasimulia wenzake ilivyoanza. Mteja asiyemjua aliagiza sare za shule nzima, akaomba picha ya kitambulisho, ati ya mkataba. Kisha akaomba tarakimu za siri zilizoingia kwa ujumbe kwenye simu yake. Akilini Sindano alikwisha kuona vitambaa vya bluu vimejaa kibandani. Akampa.

Redio, dereva mstaafu asiyenyamaza, alishikilia kwamba siku hizi uso huchukuliwa mtu akiwa usingizini, simu ikiwa chini ya mto.

— Mimi huifunika kwa soksi, alisema. Usishangae, saa hii kuna Sindano mwingine amekaa kijiwe kingine, anakunywa kahawa.

Hakuna aliyecheka. Sindano alijipapasa shavu, akajihisi mwepesi, kama nguo iliyoanikwa bila mwenyewe ndani.

Kinyozi alizima mashine yake, akatoka. Alimwambia arudi dukani laini ifungwe, aende polisi na benki, abadilishe namba zote za siri, na asimpe mtu yeyote tarakimu zinazoingia kwenye simu, hata ajitambulishe vipi.

— Lakini kwanza ndugu zako. Atawaomba kwa jina lako.

Sindano alikuwa na ndugu mmoja tu: dada yake mkubwa, ambaye hawakuwa wamesemezana naye tangu walipomzika mama yao. Akaazima simu ya kinyozi, akampigia. Dada alisema mdogo wake anachati naye kila siku, na muda huohuo amemwomba picha ya kitambulisho chake.

— Usitume, dada. Si mimi.

— Nitajuaje kama wewe ndiye?

Sindano alifumba macho.

— Mama alikuwa akituimbia huku anapiga pasi. Akisahau maneno, anaimba majina yetu. Lako kwanza.

Dada akauliza kibanda kiko wapi.

Alifika jua likiwa limelala kwenye paa, mwanamke mfupi mwenye mkoba kifuani. Redio alisimama kumpisha. Sindano alimwamkia, akammiminia kahawa, akamweleza yote, kwa haraka, bila kumtazama. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Alisema yule mtu alimuuliza kila asubuhi amelalaje, naye akawa anaamka na furaha.

— Ila mimi ndiye niliyeandika kwanza, alisema. Nilituma salamu tu, akajibu. Sasa niambie, mdogo wangu. Laini ingekuwa kwako, ungenijibu?

Redio alitazama barabara. Kinyozi alikung'uta taulo lisilokuwa na nywele. Sindano aliinama kuongeza kahawa kwenye kikombe cha dada yake. Birikani yakatoka machicha tu.