Bakavira Bote Bamekuwa Mumoja

Mbele ya studio ya foto ya Muyisa, hapa Butembo, kuko benchi ya mbao, na kila asubuhi mama Agar anawekaka pale termosi yake ya kahawa. Sisi benye kuikalia tunajulikana. Kuko Pleins-Phares, ni kusema Taa Kali, alikuwa shofere wa lori mpaka macho ikamukatala. Mpaka leo anasemaka kwa nguvu sawa mutu mwenye kushindana na injini. Kuko Douane, alipitishaka mizigo ya batu ku forodha ya mupaka, Kasindi, na kila shida anaionaka ni njama. Mimi ninashona viatu pembeni yabo. Asubuhi ile kahawa ilikuwa ingali na moto wakati Lusenge alitoka mu studio, akapiga mulango mpaka bioo ikalia.

Lusenge alikuwa amezika bibi yake, Kavira. Misa ya kumaliza matanga ilikuwa karibu, na alitaka foto yake moja, kubwa, ya kuweka mbele ya batu.

— Ananionyesha banamuke ya muji muzima! akalalamika. Nimemuambia: tafuta Kavira. Mashini yake, ile kompyuta, inaleta Kavira wa batizo, Kavira wa paseporti, Kavira wa kila nyumba! Wangu iko wapi?

Muyisa akatoka nyuma yake, mikono juu.

— Yaya Lusenge, mukubwa wangu, foto haikupotea. Iko mule ndani.

— Mutu akizama mu ziwa, utaniambia hakupotea, iko mule ndani?

Agar akamumiminia kikombe. Lusenge hakukishika, Agar akakiweka chini.

— Lakini ulifanya nini, Muyisa? Douane akauliza.

— Nilisafisha maneno ya kutafutia. Kila foto iko na maneno yake, na kila mutu aliyefanya kazi hapa aliandika vile alipenda. Harusi, arusi, mariage, maliage! Ndoa moja, ninaitafuta mara ine. Donc nikaunganisha. Harusi moja, batizo moja, matanga moja.

— Hiyo ni muzuri, Agar akasema.

— Na Kavira? Lusenge akauliza.

Muyisa akaangalia chini.

— Kulikuwa Kavira wa Lusenge, Kavira mwalimu, Kavira wa Kyavinyonge mwenye kuuza samaki... Mashini ikauliza: haya majina yanafanana, niunganishe? Nikabonyeza oui.

— Rudisha!

— Inakatala, yaya. Nimejaribu.

Douane akatikisa kichwa.

— Hiyo mashini haikutengenezwa na Munande. Kwabo Kavira ni mutu mumoja. Kwetu Banande ni jina ya zamu ya kuzaliwa, kila nyumba iko na wake.

— Hapana, hiyo ni politike! Pleins-Phares akapaza sauti. Banataka banamuke yetu bote bahesabiwe kura moja!

— Mbaya zaidi! Kavira mumoja akikamatwa ku mupaka na magendo, bote bataingia gereza!

— Kavira mumoja akiolewa, bote bameolewa!

— Akizaa, bote bamezaa!

— Na mumoja akikufa...

Pleins-Phares akaziba kinywa, lakini neno ilikuwa imeshatoka. Lusenge akamugeukia.

— Malizia.

— Yaya, unisamehe.

— Malizia! Mumoja akikufa, bengine banabakia, ehe? Huyu Muyisa naye aliniambia: angalia tu, kuko mingi. Kuko mingi! Mimi nilizika mumoja!

Akapiga kikombe teke. Kahawa ikamwangika mu vumbi. Agar akaokota kikombe.

Pikipiki ikasimama. Yasmine akashuka, mwanamuke wa Beni mwenye kuuza bikwembe, kilemba ku kichwa; alikuja kupiga foto ya paseporti. Agar akamuelezea kwa sauti ya chini. Yasmine akamukaribia Lusenge.

— Pole sana, baba. Hiyo foto ilipigwa wapi?

— Ku ndoa ya dada yake.

— Basi tutaitafuta kwa macho. Siku ile mama alivaa kikwembe ya rangi gani?

Lusenge akatugeukia, akitafuta mwenye kujua. Muyisa, mwenye kupiga ile foto, akaangalia mawingu. Pleins-Phares, mwenye kucheza ku ndoa ile mpaka shati ikalowana, akashika magoti yake. Hata mimi nilikuwa pale, nilikula, nilishiba, na sikujua.

— Alikuwa pembeni yangu, Lusenge akasema. Siku muzima, alikuwa pembeni yangu.

Akaingia mu studio, akakaa mbele ya mashini.

— Leta moja moja.

Tulisikia kutoka inje. Huyu? Hapana. Huyu? Hapana! Mwanzo kila hapana ilikuwa na kisirani, sawa vile hao banamuke balimukosea. Kisha ikateremuka, ikawa ya kuomba musamaha kidogo. Kahawa ikaisha, Agar akafunga termosi, hakuenda. Yasmine naye hakuenda.

Mara hapana ikanyamaza.

— Yaya? Muyisa akauliza.

— Andika jina.

Tukasimama bote mulangoni. Kikwembe ilikuwa ya kijani. Kavira alibeba mutoto wa mutu ku mungongo, alikuwa anacheka na mutu mwenye hakuonekana mu foto.

Muyisa akagusa K, akagusa A. Mashini haikungojea, ikajimalizia yenyewe: Kavira. Lusenge akapiga meza kwa kofi.

— Yote! Andika jina yake yote!