Koti Jeupe Mapajani

Wazee wetu, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imeniagiza niwasomee safari ya shangazi yetu, daktari wa watoto, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Shati.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 (ile ya cheti cha shule ilikosewa), mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1979 akaingia chuo kikuu kusomea udaktari, babu akamshonea koti jeupe la kwanza, mifuko mitatu, vifungo vinne.

Alianza kazi wodi ya watoto tarehe 2 Septemba 1985, na wiki hiyohiyo akaona kwamba watoto wakiliona lile koti hulia hata kabla hajawagusa, maana kwao nguo nyeupe ni sindano, basi akalivua, akaingia na shati la maua, watoto wakanyamaza, wazazi ndio wakaanza. Baba mmoja, dereva wa lori, mwanawe akihema kwa shida, alimwambia, "Dada, tuitie daktari," na alipojibiwa kwamba daktari ndiye huyu, akamtazama juu hadi chini, akamkumbatia mtoto zaidi, akasema, "Na hilo shati la kwendea sokoni? Mwanangu simtoi."

Shangazi hakubishana, kwani mwenye hofu hutafuta cha kushika, akatoka, akarudi amevaa koti, akamsalimia upya, kisha akalivua mbele yake na kumnyooshea, akisema, "Haya kaka, nishikie udaktari wangu, nikikosea usinirudishie." Ili alipokee, yule baba ilimbidi amwachie mtoto.

Mtoto alipona, na tangu siku hiyo hadi Shangazi alipostaafu tarehe 31 Machi 2018, kila mzazi aliyemfikia alikaa na koti lile mapajani, wengine wakilipapasa kola, wengine wakilikunja kama nguo ya kichanga, na wauguzi wanasema hawakumwona hata mmoja aliyeliweka chini.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti na mvulana, ambao hadi leo hulalamika kwamba nyumbani kwao nguo iliyopigwa pasi vizuri ilikuwa moja tu, na haikuwa yao.

Moyo ulianza kumsumbua Juni mwaka huu, akalazwa, na Jumanne tarehe 4 Novemba daktari wa zamu, kijana asiyemjua kabisa, aliingia, akavua koti, akampa mumewe, akasema, "Shikamoo baba, naomba unishikie." Shangazi akamuuliza nani kamfundisha, naye akajibu, "Nilikuta hivyo wodi ya watoto, mama, sijui nani alianza, nikaona hata wakubwa wanaogopa." Hakumwambia. Alicheka mpaka mashine ikalia.

Alifariki Alhamisi tarehe 6, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 67.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliolala nasi, na wafanyakazi wenzake, na kwa yule daktari kijana tunaomba radhi, koti lake bado liko mapajani pa mzee wetu, benchi la mbele, ila ajue hakukosea, kwa hiyo atarudishiwa.

Shangazi, pumzika kwa amani, tumekushikia.